Betri Yenye Nukta Nyekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo cha polisi, Ikutha
Tarehe: 29 Septemba 2025
Jina la shahidi: Kanini Mutisya
Umri: Miaka 15
Kazi: Mwanafunzi, Gredi ya Tisa
Makao: Kwa nyanya yake, nje kidogo ya soko la Ikutha, Kaunti ya Kitui
Aliyeandamana naye: Kalekye Kyule, nyanya na mlezi wake

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaishi na nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi humwita susu, kwa sababu mama yangu anafanya kazi Nunguni. Nimeelezwa kwamba Sauda Shee, anayeuza tochi sokoni na ambaye wote tunamwita Mama Musa, amezuiliwa hapa kwa sababu inasemekana aliuza betri zilizolipuka na kumchoma susu mkono. Nimekuja kueleza kwamba betri hizo hazikuwa zake. Hakuna aliyenilazimisha kuja.

Kwanza naomba nieleze jinsi tochi inavyotumika kwetu, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Maji tunateka kwenye mto wa mchanga, ambao maji yake yako chini. Msimu huu wa kiangazi kisima kinachimbwa mpaka kinamfika mtu mzima kifuani, na maji mengi hupatikana alfajiri, kabla punda hawajafika. Anayeshuka ndani anajishikilia ukutani kwa mkono mmoja na kuteka kwa mwingine. Tochi anaiuma kwa meno. Akina mama wote wa kwetu hufanya hivyo. Ukimsalimia mtu aliye kisimani anakuitikia "mmh" tu, na hakuna anayeona ni kukosa adabu.

Mnamo tarehe 6 Septemba, mchana, nilienda sokoni na mjomba wangu, Mulei Kyule, kitindamimba wa susu. Alitaka kumnunulia mama yake tochi ndogo ya bei nafuu ya kuchaji, kwa sababu susu alikuwa amechoka na betri za kawaida zinazokwisha baada ya siku chache. Tulienda kwa Mama Musa.

Nilidhani atatuambia bei. Badala yake aliuliza, "Tochi ni ya nani?"

"Ya mama. Ya kuteka maji," mjomba alisema.

"Anaishika vipi akiwa ndani?"

Mjomba alicheka. "Kwa meno, kama kila mtu."

"Hapo hapana," alisema Mama Musa.

Alitueleza kwamba betri za lithiamu, zile za kuchaji, zina nguvu nyingi ndani ya mwili mdogo. Zikiwa nzuri hazina neno, lakini zikiharibika zinapata moto ghafla. Alisema, "Ikiwa mkononi utaitupa. Ikiwa mdomoni utaitema saa ngapi?" Alikata kipande cha leso kuukuu, akakifunga nyuma ya tochi kama kitanzi, akasema tochi iangikwe kwenye kijiti kilichosimikwa mchangani, ukingoni mwa kisima. Hakuongeza bei. Alisema, "Mwambieni mama huo utepe ni zawadi kutoka kwa Musa wangu. Mzee hakatai zawadi ya mtoto."

Baada ya hapo alichagua betri. Alinipa mbili ndefu zenye umbo moja, moja katika kila kiganja, akaniuliza ipi nzito. Ile ya kushoto ilikuwa nyepesi sana, lakini ndiyo iliyoandikwa namba kubwa ya nguvu, elfu tisa mia tisa. Aliniambia betri ya ukubwa ule haifiki namba hiyo hata kidogo. "Hiyo ni stika tu. Mtu anaweza kuandika chochote kwenye stika."

Mjomba aliuliza, "Sasa mbona unayo?"

"Mimi nilidanganywa. Si lazima nawe udanganywe. Hiyo ni ya kufundishia."

Alichukua ile nzito, akaizungusha karibu na macho kuona kama ganda lake la plastiki limechanika popote, akaipima kwa kimashine chake, kisha akaiweka kwenye tochi na kuiwasha. Aliitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha upande wa chini. Alituambia kila betri anayoichagua yeye ina nukta hiyo. "Ikiwasumbua, irudisheni. Nikiona nukta yangu sitawauliza maswali." Alisema pia tusiichaji tukiwa tumelala, na ikiwa nje ya tochi tusiiweke pamoja na chuma chochote.

Jambo la mwisho alilosema nalikumbuka vizuri, kwa sababu alimshika mjomba mkono wa shati. Alisema nafasi ndani ya tochi ile inatosha betri moja ndefu, na pia inaweza kumeza mbili fupi zikipangwa moja nyuma ya nyingine. "Utaambiwa inawaka zaidi. Usijaribu. Zile mbili zinasukumana kama punda kwenye foleni. Moja ikichoka, ya nyuma haijui, inaendelea kuisukuma tu."

Sijawahi kumwona mtu akiuza kitu kidogo kwa uangalifu namna hiyo.

Susu alipoletewa tochi alisema meno yake hayajaomba kustaafu. Hata hivyo kesho yake alisimika kijiti, na wenzake walimtania, "Kalekye ameleta stima mtoni." Baada ya wiki moja, wawili kati yao nao walikuwa na vijiti. Susu aliweza kuimba akiwa kisimani. Mimi nilikuwa sijui kwamba anaimba.

Mnamo tarehe 20 Septemba nilirudi sokoni na mjomba. Nyoka alikuwa ameonekana karibu na kisima siku mbili kabla, na mjomba alitaka mama yake apate mwanga mkubwa zaidi. Alimwonyesha Mama Musa betri mbili fupi zilizokuwa mezani.

"Nipe hizi."

"Ni za tochi ya mama?"

"Ndiyo."

"Basi siuzi."

"Mama Musa, pesa si ni pesa?"

"Ni pesa. Lakini sichezi kamari na uso wa mama yako. Kama shida ni nyoka, chukua tochi hii kubwa ya betri moja, utanilipa polepole."

Mjomba alinigeukia, akasema kwa Kikamba kwamba watu hawa wa kutoka pwani wanapenda maneno. Mama Musa alimjibu kwa Kikamba kizuri kuliko changu kwamba yeye amezaliwa Mwingi, na maneno alijifunza huko. Muuza nyanya wa jirani alicheka sana. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichomuudhi mjomba. Tuliondoka bila kununua chochote kwake.

Mjomba aliniacha dukani nikinunua kalamu, akarudi na betri mbili fupi mfukoni mwa shati. Sikumwona aliyemuuzia, kwa hiyo siwezi kumtaja. Moja ilikuwa mpya inayong'aa. Nyingine ilikuwa imechakaa na ganda lake limechanika ubavuni. Hakuna iliyokuwa na nukta nyekundu. Tulipofika nyumbani nilimkumbusha mjomba kwamba Mama Musa alikataa. Alinijibu, "Wewe soma vitabu." Alitoa betri ndefu na kuweka zile mbili mbele yangu. Mwanga ulikuwa mkali mpaka kuku wakashuka kwenye mti wakidhani kumekucha. Susu alimshukuru mwanawe, kwa sababu hakujua yaliyosemwa sokoni.

Mimi nilichukua ile ndefu. Nilitaka kuitia ndani ya mkebe wangu wa vifaa vya hesabu, nikakumbuka bikari ni ya chuma. Niliitia ndani ya chupa tupu ya dawa, ya plastiki, nikafunga.

Mnamo tarehe 27 Septemba, alfajiri, nilikuwa mtoni na susu na mjomba. Susu alikuwa ndani ya kisima, tochi ikiwa kwenye kijiti. Mwanga ulififia, kisha tukasikia mlio kama wa sufuria inayotoa mvuke. Susu alinyoosha mkono wa kulia kuishika aone kuna nini. Ililipuka kabla hajaitoa kwenye kitanzi. Kifuniko cha nyuma kiliruka na kuzama kwenye mchanga upande wa pili wa kisima. Kulikuwa na moshi mweupe wenye harufu kali. Susu aliungua kiganja na vidole viwili.

Kijiti kilikuwa hapo mbele ya uso wake. Siku zote za maisha yake, mpaka mwezi huu, tochi ingekuwa kati ya meno yake. Sitasema zaidi kuhusu hilo.

Mjomba alimtoa mama yake kisimani kwa mikono yake miwili na kumpeleka zahanati kwa bodaboda, nami nikafuata. Alikuwa analia. Wahudumu walipomuuliza tochi ilitoka wapi alijibu, "Kwa Mama Musa," na hiyo ni kweli. Watu waliokuwa pale walianza kusema lazima Mama Musa aripotiwe polisi, na mjomba alipoulizwa kuhusu betri alisema nazo ni za Mama Musa. Nilikuwa nimesimama karibu naye. Simsemi vibaya mjomba wangu. Alitaka mama yake aone nyoka.

Jana jioni susu aliniuliza, "Betri yangu ile ndefu iko wapi?" Nilimletea chupa na kumweleza yote. Aliitoa, akaitafuta nukta kwa kidole gumba cha mkono mzima, akaipata. Mjomba alimwita mama kwa Kikamba, akasema, "Mwaitu, mimi ni mtoto wako." Susu alimjibu, "Ndiyo sababu nakwambia kesho uje na sisi." Amekuja. Yuko nje kwenye benchi.

Nimekabidhi betri hiyo pamoja na utepe wa leso, ambao umeungua ncha moja. Naomba mabaki ya zile fupi yatazamwe kama yana nukta. Nikimaliza masomo ningependa kufanya kazi yoyote kwa namna ya Mama Musa, nikimuuliza mtu kwanza kitu atakitumia vipi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia mwenyewe, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: K. Mutisya
Alama ya mlezi: kidole gumba cha kushoto, cha kulia kikiwa kimefungwa bandeji

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya. Aliomba nirekebishe mahali pamoja nilipoandika "betri ya Mama Musa ililipuka", nimerekebisha. Mabaki ya betri mbili fupi yamekaguliwa na hayana nukta. Mulei Kyule ameingia kutoka nje bila kuitwa na kuomba kuandika maelezo mapya. Betri ndefu niliijaribu katika tochi ya kituo, ikawaka. Nilipotaka kuiweka kwenye droo, shahidi alinionyesha kwamba mna funguo. Nimeirudisha ndani ya chupa yake.

Koplo Jonah Musyimi