Upande wa Soko, Upande wa Ziwa

Jumatano, tarehe 13

Barabarani tangu saa kumi na mbili. Lori la chumvi limesimama mbele ya mulango wa soko, mule mule nilimokataza jana. Nimepiga filimbi mpaka koo linauma. Dereva ananiangalia tu. Nimemuandika. Tangu Wabelgiji waende, watu wanazani sheria nayo ilipanda ndege. Hapana! Sheria ilibaki, na minye niko hapa.

Watu wanashuka kutoka Runingu na magodoro kichwani. Wanasema waasi wako katika uwanda wa Ruzizi. Komiseri wetu wa polisi anasema ni maneno ya soko. Bernadeta, muke wangu, ameanza kukausha mihogo mingi. Sipendi akifanya hivyo. Inanitia woga.

Ijumaa, tarehe 15

Kesho magari yanahama. Kila dereva wa Uvira anajua: tangu tarehe moja mpaka kumi na tano, gari linalala upande wa soko. Tangu kumi na sita mpaka mwezi uishe, upande wa ziwa. Wazungu ndio walioiweka sheria hii. Mwenye kuichunga ni minye, huu mwaka wa kumi na moja. Nimepita duka kwa duka kukumbusha watu. Wengine wamecheka.

Mwalimu Elia alikuwa anakaza kamba juu ya kamioneti, gari lake dogo la mizigo. Yeye ndiye alimufundisha binti yangu kusoma. Kila asubuhi anapiga honi mara mbili, watoto wajue amefika shuleni. Muntu muzuri, lakini kinywa chake kina makali.

Biro, ofisi yetu ya polisi, imefungwa. Komiseri hayuko, na hakuna mwenye kujua yuko wapi.

Jumamosi, tarehe 16

Magari yote yamehama, isipokuwa moja. Kamioneti ya Mwalimu, upande wa soko, imejaa pomoni. Godoro, masini ya kushona, watoto juu. Mbele amekaa Koko, mama yake Mwalimu. Koko haoni, na miguu yake haitembei tena. Wanakimbilia Bujumbura. Mwalimu alikuwa ametoka kutafuta mafuta, akaacha ufunguo mule ndani.

Aliporudi na bidoni ya mafuta nilimuambia avushe gari kwanza, ndipo atie. Akacheka. Mbele ya wamama wa samaki! "Shefu, serikali imekimbia. Weye unachunga barabara ya nani?" Soko zima likacheka. Nikachomoa ufunguo. Nikamuambia Jumatatu, biro, mbele ya komiseri. Biro ambayo najua imefungwa.

Aliacha kucheka. Akaniomba, watoto wake wanaangalia. Nilienda zangu.

Nitamurudishia kesho asubuhi. Nataka tu alale na haya yake siku moja.

Jioni nimesikia muke wake amechukua watoto, wamekwenda kwa miguu kandokando ya ziwa. Mwalimu amebaki. Hawezi kumuacha Koko.

Jumapili, tarehe 17

Risasi tangu kulipopambazuka. Nimezika uniforme nyuma ya jiko, na filimbi.

Jua lilipotoka wamebisha hodi. Bernadeta akasema, "Ni sauti ya Mwalimu." Nikamuziba kinywa kwa mukono. Nilizani waasi wamemutanguliza ili tufungue. Hapana, naongopa hata hapa. Sikuzani kitu. Niliogopa. Alibisha mara mbili, akangoja, akabisha tena mara mbili. Kisha nikasikia miguu inaenda.

Ufunguo ulikuwa mufukoni mwangu.

Jumanne, tarehe 19

Jirani amekuja, amesimulia yote akiwa amesimama. Mwalimu alitoka kwangu akarudi kwa kamioneti. Akaisukuma peke yake, Koko mule ndani. Waasi wakamukuta mikono ingali kwenye gari. Alikuwa na kravati shingoni, kwa sababu ni Jumapili. Wenye kravati, watu wa kalamu na wa serikali, ndio waliotafutwa. Walimupeleka mutoni. Hakurudi.

Koko walimuacha alivyokaa.

Bernadeta amefunga mulango nyuma ya jirani. Minye nimemuua Mwalimu. Naiandika hapa kwa sababu siwezi kuisema.

Alhamisi, tarehe 21

Honi. Mara mbili, saa moja asubuhi. Nimeruka kitandani. Bernadeta hakusikia kitu.

Haiwezekani. Jirani anasema waasi walitoa betri na matairi tangu Jumatatu. Gari limekaa juu ya mawe.

Jumapili, tarehe 24

Nimetoka mara ya kwanza, na kikapu cha ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kichwani, kama muchuuzi. Hakuna aliyeniangalia mara mbili. Bila filimbi minye si muntu.

Koko yuko mule ndani ya kamioneti bado. Wamama wa soko wanamupa maji na kumusaidia haja zake. Wamemubembeleza ashuke, amekataa. Anamungoja Elia.

Nyuma ya gari kuna vumbi, na ndani ya vumbi alama za viganja viwili. Kidole kidogo cha kushoto ni kifupi. Mwalimu alikatwa kidole hicho na mulango akiwa mutoto, kila muntu Uvira anajua. Nimezunguka mpaka mbele.

Nimemupa Koko ndagala na ugali. Nimeongea kwa sauti ya chini, ya puani, asinitambue. Jina sikutaja.

Jumatano, tarehe 27

Naenda kila siku. Mvua imekwisha mwaka huu, hakuna cha kuosha viganja vile. Leo nilibeba kitambaa nivifute. Mukono ulikataa.

Honi tena. Bernadeta amesema nitupe ufunguo ziwani, labda nitapona. Nimefika mpaka maji yakanigusa magoti. Nikakumbuka kwamba ule muto unaingia ziwa hili hili. Niliona kama yuko pale chini, mukono wazi, ananingoja. Nikarudi nao nyumbani mbio kama mwizi.

Jumamosi, tarehe 30

Honi. Nimemuangalia Bernadeta. Alikuwa ameshikilia sufuria, hatikisiki, machozi yanamutoka. Sikumuuliza kama amesikia.

Jumatatu, tarehe 1

Kimya asubuhi yote. Nimengoja, honi haikulia.

Nimemupelekea Koko ugali wa moto. Kisha nikatoa ufunguo nikauweka katika kiganja chake. Aliupapasa muda murefu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Weye ndiye ule wa filimbi," akasema Koko. "Nilikutambua tangu ndagala ya kwanza."

Nilitaka anitukane. Hakupandisha hata sauti. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Nikamuambia moja.

"Basi gari ya Elia iko upande wake."

"Iko upande wake, Koko, upande wa soko."

"Basi uiache hapo."

Akafunga kiganja, akaanza kula kwa mukono mwingine. Nimesimama kando ya mulango mpaka amemaliza. Kisha nikachukua sahani, nikaenda kuiosha.