Kabureta Mbili za Masoud

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Miaka arobaini na sita tangu nitoke Unguja. Wiki ya tatu tangu nirudi kwa msiba wa mdogo wangu, Masoud. Maziko sikuyawahi.

Asubuhi kama jana. Chai, baraza, mikono ya rambirambi. Kisha pikipiki ya marehemu. Ya Kiingereza, kuukuu, silinda mbili na kabureta mbili, kila silinda na yake. Imekaa hapa ukumbini, chini, tangu Masoud augue. Nimefungua kabureta ya kushoto. Petroli imeganda ndani kama ulimbo. Vitundu nimevizibua kwa uzi wa nailoni. Waya huvipanua.

Nimewaambia nitaondoka ikishatengemaa. Masoud angependa hivyo. Dada yetu Zuhura akacheka. "Basi Kaka, Mungu asiitengemeze."

Mjane, Bi Mwanaisha, yuko juu, amekaa eda. Haonani na mwanamme asiye maharimu wake, na mimi, shemeji yake, si maharimu. Nyumba moja, ngazi moja. Siipandi.

Jumatano, 13 Novemba
Mvua ya vuli. Sikutoka.

Imewaka. Mateke mengi, goti linauma. Lakini inachechemea. Silinda ya kulia inafanya kazi, ya kushoto inabebwa. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa. Nikazima.

Baada ya alasiri Zuhura ameshuka, uso umemng'aa. Mwanaisha aliposikia mlio ule aliinuka mkekani, akateleka birika, akatoa kikombe cha Masoud. Ndipo akakumbuka. Amelia mpaka alasiri.

Zuhura anaita ishara njema. Mimi nimeona haya.

Ijumaa, 15 Novemba
Baada ya sala, barazani. Jirani yetu Mzee Haji amenisogezea mto. "Njoo, nafasi yako ile." Nafasi ya Masoud. Nikakaa, kwengine kote kulijaa. "Masoud mtupu!" akasema Mzee Haji. "Ila huyu kaja na miwani." Wakacheka wote. Nikacheka na mimi.

Jioni Zuhura amelitoa lililo moyoni. "Eda ikesha, Kaka, nyumba hii itataka mwanamme. Na Mwanaisha si mtu mbali."

Nikamwambia mwanamke aliye edani haposwi.

"Nani kaposa? Nnazungumza na kaka yangu."

Nina hasira. Nalala kitanda cha marehemu. Kanzu zake zinanikaa. Wananivisha mtu.

Jumamosi, 16 Novemba
Sikuiwasha. Nikiiwasha ilivyo, namrudisha marehemu mlangoni. Nisipoiwasha, haitengemai, nami siondoki. Sharti nimeliweka mwenyewe. Nimejifungia mlango kwa ndani.

Nimejaribu kusoma. Ukurasa mmoja, mchana kutwa.

Jumapili, 17 Novemba
Sauti kutoka juu, nyuma ya pazia la ngazi. "Shemeji!"

"Naam."

"Mbona kimya? Washa."

"Sitaki kukuliza."

"Nshalia. Sasa nisikilize. Watu wangu wako Kizimkazi. Eda ikesha nnakwenda kwetu. Ukikaa wewe hapa, watanikalisha na mimi. Umefahamu?"

Nimefahamu. Nilidhani nimefungwa peke yangu.

Nikamwuliza Masoud aliifanyaje pikipiki ikienda vibaya.

"Masoud, Mungu amrehemu? Akiipiga mateke, kisha akiisomea dua. Ilikohoa hivyo hivyo miaka yote."

Zuhura, pembeni yake, akamwambia astahi. Mimi nilikuwa nacheka. Mara ya kwanza kucheka kwa kweli tangu nishuke bandarini.

Kwa hiyo ikipona, sauti haitakuwa yake tena. Kazi ni hiyo.

Jumanne, 19 Novemba
Siku nzima.

Kwanza waya za kuvutia mafuta. Kila kabureta ina bamba linalopanda mkono wa mafuta ukizungushwa. Nimeweka msumari chini ya kila bamba, misumari ya unene mmoja, nikazungusha polepole. Wa kulia ukaanguka kwanza, wa kushoto ukachelewa. Waya wa kushoto umelegea. Nikaukaza kidogo, nikajaribu, nikaukaza tena, mpaka misumari ikaanguka pamoja.

Kisha nikaiwasha. Nikatoa waya wa plagi moja, silinda ya pili iende peke yake, nikarekebisha skrubu za kabureta yake, nikabadilisha upande. Kisha zote mbili pamoja, kwa masikio. Hapo nikapotea. Sauti ya upande wa kulia ilizidi, nikapunguza. Ikazidi bado, nikapunguza tena, mpaka mashine ikazimika. Saa nzima hivyo kabla sijaona ujinga wangu. Ukuta wa kulia wa ukumbi uko karibu, unarudisha sauti. Nilikuwa narekebisha ukuta.

Nikaacha masikio. Nikaweka viganja nyuma ya mabomba ya moshi, kimoja kila upande. Pumzi zikanigonga. Ya kulia nzito, ya kushoto dhaifu. Skrubu kidogo, viganja. Kidogo tena, viganja. Mpaka nisiweze kuzitofautisha.

Nikasimama mlangoni. Mngurumo mmoja, laini, haukohoi.

Juu, dirishani, nikamsikia Bi Mwanaisha. "Zuhura, nani huyo anapita?"

Hakuijua. Birika haikutelekwa.

Nikazima. Nimekaa chini sakafuni muda mrefu. Nilitaka ipone, imepona, na sauti ya ndugu yangu haimo tena duniani. Mimi ndiye niliyeitoa.

Alhamisi, 21 Novemba
Mvua imekatika. Petroli iliyobaki ndani ya vikombe vya kabureta nimeimwaga nje, isigande. Nimefuta tangi.

Zuhura hakusema nami jana. Leo ameniandalia mkate wa kumimina kwa safari, ameufunga kwa kitambaa, ameufungua, ameufunga upya. Amesema tu, "Umekonda, Kaka."

Bi Mwanaisha ameniaga kutoka nyuma ya pazia. Nduguye atakuja kumchukua siku eda itakapokwisha. Nikamwombea safari njema. Akaniombea yangu.

Barazani nimeaga nikiwa nimesimama.

Boti ya mchana, kutoka bandari ya Malindi, hapa hapa mjini Unguja. Zuhura amenisindikiza mpaka geti. Ameuliza nitarudi lini. Umri wangu anaujua. Nimemshika mkono, nimemwambia kweli.

Sitarudi.