Punje Ishirini na Mbili

Soko la Bungoma,
12 Februari 2005

Kwa ndugu yangu mpendwa Gathii,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini wewe na Bilha ni wazima, na kwamba homa ya Mama imeshuka. Sisi hapa tuko salama. Khaemba wangu amepona mguu na ameanza tena kuilalamikia chai yangu.

Nimesikia kwamba mwisho wa mwezi huu utahamishia miche ya nyanya katika shamba lote la mahindi, ekari mbili, kwa sababu safu yetu ya nyanya hapa Bungoma imeagiza kreti sitini kila Jumamosi. Gathii, usithubutu! Soma mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Unajua tunavyoagiza hapa. Anayetaka kreti tano humwambia broka, dalali mwenye lori, kwamba anataka kumi, kwa kuwa anatarajia kupewa nusu. Nyanya zikiadimika, kweli tunapewa nusu. Zikijaa mashambani, tunaletewa zote, zinaoza, nasi tunaitukana serikali. Mwenye matusi makali kuliko wote ni mimi.

Wiki iliyopita niliwaambia akina mama wa safu yetu kila mmoja alete punje moja ya mahindi kwa kila kreti aliyouza kweli Jumamosi, wala si aliyoagiza. Walinicheka. Nakhungu alisema ati nimesoma magazeti hadi nataka kulima juu ya meza. Lakini walizileta, wamezificha kiganjani kama watoto walioiba sukari. Nilizimwaga juu ya gunia, tukahesabu. Ishirini na mbili. Kicheko kikaisha.

Ndipo Nakhungu akaniuliza mbele ya wote: bana Mama Mhubiri, na zile kreti zilizooza Agosti aliziagiza nani?

Ndugu yangu, niliziagiza mimi. Si broka wako Kimeli aliyekudanganya. Nilimpigia simu nikamwambia soko linataka kreti themanini, ili wewe, damu yangu, usikose nafasi katika lori lake. Alikuletea neno langu kama lilivyo, ukachuma shamba zima, na nusu yake ikaozea hapa miguuni pangu. Kisha nilikuja Kitale nikamwita Kimeli mwizi mbele ya madereva wenzake, nawe ukakata urafiki wa miaka kumi. Nilikuona ukiukata, nikanyamaza.

Jumanne nitakuja Kitale. Nitasimama palepale nilipomtukania, niseme haya kwa sauti ileile, madereva wasikie. Akitaka kunicheka, acha anicheke.

Wewe panda nyanya nusu ekari tu, kwingine rudishia mahindi. Kila wiki nitakutumia hesabu ya kweli ya safu yetu, kwa lori la Kimeli, iwapo atakubali kunibebea.

Mshikie Mama mkono kwa niaba yangu, na Bilha umwambie namkumbuka. Punje zenyewe nimezitia ndani ya bahasha hii. Zihesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

Ni mimi dada yako,
Mukami