Kuku Amefika, Mama Mkwe Je?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kabla sijahama hapa Kitangari kwa aibu, maana sasa hata watoto wa shule wakiniona na baiskeli wananiuliza, "Baba Julia, umehesabu abiria?"

Mama mkwe wangu, mama Veridiana wa Lupaso, alikuja kumtembelea mke wangu Winfrida, gari likamshusha bondeni, nami nikateremka na baiskeli kumpokea, nikamfunga kuku wake kwenye usukani, yeye nikamketisha kwenye keria, tukaanza kupanda mlima, na hapo ujue kwamba siku ya posa mama huyu alitazama miguu yangu mbele ya wazee akauliza, "Na hii ndiyo itakayolima?", kwa hiyo kushuka nisukume mbele yake ilikuwa haiwezekani. Nilipanda nimekaa, kwa sababu mtu mwenye adabu hasimami kwenye pedali akamwekea mkwewe makalio usoni, lakini tulipofika katikati, penye mchanga, miguu ikagoma, baiskeli ikataka kurudi nyuma, nikasema, "Samahani mama," nikasimama, nikakanyaga kwa uzito wote, baiskeli ikayumba huku na huku na kisha, mshauri, ikawa nyepesi ajabu, nikapanda kama mtu anayeteremka, nikasikia mama anapiga kelele nyuma nikajua ananishangilia, nikaongeza mwendo.

Juu, penye ghala la korosho, wanaume waliokuwa wanasubiri mizani wakanitazama, na Gasper, rafiki yangu tangu utoto, akauliza, "Bwana, ulikwenda kumpokea nani?" Nikajibu kifua mbele, "Mkwe." Akasema, "Kuku amefika. Mama mkwe je?"

Kumbe alikuwa chini kule, amekaa kwenye shamba la mihogo, mguu umeteguka, na alipoletwa juu kwa pikipiki alilala usiku mmoja tu, kesho yake akarudi Lupaso na Winfrida akamfuata, eti anakwenda kumuuguza, na mpaka leo hajarudi na simu yangu hapokei. Gasper anasema kosa langu ni kusimama, mwenye mzigo hukaa, mimi nasema kusimama ndiko kulikonifikisha juu. Tafadhali amua nani mkweli, ili nimpelekee mke wangu gazeti aone kwamba sikukosea.

Baba Julia, Kitangari

JIBU

Baba Julia, marahaba. Gazeti hili usimpelekee.

Kuhusu baiskeli, Gasper anasema kweli. Kusimama kwenye pedali kunamfaa aliye peke yake, penye mlima mkali na mfupi, maana uzito wa mwili husaidia miguu. Lakini ukisimama baiskeli hulala upande huu na upande ule, na mama mkwe hawezi kukushika kiuno. Alikuwa na kile chuma cha keria tu. Mwenye abiria hukaa, akakanyaga taratibu. Akishindwa, hushuka akasukuma. Wanaobeba madumu ya maji kwenye mlima huohuo husukuma kila siku, na hakuna anayewauliza habari za miguu yao.

Sasa tuache pedali. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "nilirudi", sikuliona. Umeandika "alipoletwa". Aliletwa na nani? Wewe ulikuwa wapi, ukimfungua kuku? Na ile samahani moja uliyoomba ilikuwa ya makalio. Ya mguu ulioteguka hukuomba, hata ndani ya barua hii.

Pole kwa kuchekwa, najua inauma. Lakini mwanamke ameanguka anapiga kelele, wewe ukadhani ni shangwe ukaongeza mwendo. Sina shaka Winfrida ameshakupigia kelele za namna hiyo akiwa nyuma yako ndani ya nyumba, na ulizisikia vivyo hivyo. Mguu wa mama yake umempa sababu tu ya kwenda.

Nenda Lupaso. Kama kuku yule mlimla, chukua mwingine mkubwa kuliko yeye. Kaa chini kwenye mkeka, amkia, kisha useme, "Mama, nilikuangusha, na sikurudi kukuchukua." Halafu nyamaza. Pedali usizitaje, mchanga usiutaje, Gasper usimtaje. Akiuliza tena habari za miguu yako, mwambie ni kweli, ni myembamba. Na Winfrida akianza kusema, mwache amalize.

Siku watakapokubali kuja, shuka tangu chini ya mlima. Mama juu ya keria, mkeo kando, wewe usukume. Mtapita mbele ya ghala na watawacheka. Wacheke. Kazi yako ni kugeuka nyuma kila mara uone kama mama bado yupo.