Mstari Kwenye Chupa ya Mafuta

Chumba cha Tatu,
Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Tarehe 11 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu zangu zikukute u mzima, umekula na umelala. Mgongo unaendeleaje? Na kile kikohozi cha vumbi la saruji, kimekuachia? Sisi huku tunapumua. Goti langu linalia kila nikikanyaga cherehani, na cherehani nayo inalia, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Mama anakula vizuri na anagombana vizuri, ndiyo afya yenyewe.

Barua yako imefika. Kurasa mbili na nusu za kuomba maarifa: bei za dukani zimepanda, king'amuzi kinadai malipo kila mwezi kama mtoto wa kunyonya, na mimi dada yako nimeishi miaka kumi na tisa kwa mkasi na uzi bila kulala njaa, basi nikufundishe kubana matumizi. Halafu katikati, baina ya bei ya mchele na bei ya unga, ukachomeka kwamba juzi ulimzaba wifi yangu kofi moja kwa sababu ya mafuta ya kupikia. Ukalipitisha neno hilo kama mtu anayepitisha kuku wa wizi sokoni, kwapani, koti juu. Kuku huyo nimemwona, mdogo wangu, na nitamrudia.

Kwanza maarifa, maana uliyaomba kwa heshima. Ila ujue kwamba karibu yote niliyojifunza kuhusu kubana matumizi nimeyaona yakitoka damu.

Nunueni kwa pamoja. Hapa uani tuko vyumba vitano, na kila mwanzo wa mwezi tunachukua gunia moja la unga na moja la mchele, tunagawana kwa bakuli. Bei inashuka mpaka unaona haya kuikumbuka ile ya dukani. Lakini mwaka juzi mgawaji alikuwa Dereva wa chumba cha kwanza, mtu mwenye kidole gumba kikubwa kama kiazi. Akitupimia sisi, kidole kilikuwa ndani ya bakuli. Akijipimia yeye, kidole kiko nje. Mama Mkate, yule anayeoka mikate na kuitembeza, alimtazama mpaka bakuli la tisa. Aliinuka akamrukia, akamng'ata sikio. Tulimvuta kiuno watu wanne, na kila tulipomvuta, sikio likawa linakuja naye. Damu ilitiririka juu ya unga, na Kinyozi wa chumba cha nne, mtu wa mizaha hata msibani, akapiga kelele, "Jamani, msiukande!" Kipande cha sikio hakikuonekana tena. Mama Mkate anaapa kuwa alikitema. Siku hizi bakuli lina mpini wa waya, na vidole vya mgawaji vinaonekana vyote.

Sokoni nenda jioni, wauzaji wanapokunja maturubai. Nyanya zilizobonyea huuzwa fungu kwa bei ya moja, na ndani ya sufuria hakuna ajuaye ipi ilikuwa na sura nzuri. Ila usifikiri uko peke yako mwenye akili hiyo. Lile kovu la kwenye nyusi uliloniuliza ni jiwe la mizani, la nusu kilo. Nililirushiwa na mama mwenye mtoto mgongoni, kwa shabaha ya kupendeza. Mimi nilikuwa nimemshika nywele, hilo nakiri. Nyanya nilikuja nazo. Zilikuwa tamu.

Kuhusu burudani, kata king'amuzi. Sisi tulikuwa na televisheni moja kwenye dirisha la Kinyozi, malipo tunachangia, watazamaji tunakaa uani. Siku moja fainali ya mpira na mwisho wa tamthilia viliangukia wakati mmoja. Wanaume walishika kebo, wanawake wakashika kidhibiti. Fundi Bomba wa chumba cha tano alisema atahesabu mpaka tatu, akafika mbili, akarusha pasi ya mkaa. Kioo kilipasuka, makaa yakaruka, mke wake akamfuata na kigoda, na Kinyozi, aliyejaribu kuokoa mali yake, akapoteza meno mawili ya mbele bila kujua mpaka leo ni ya nani ile ngumi. Tangu hapo Jumamosi mchana tunacheza dama kwa vifuniko vya soda, na mmoja anasoma kwa sauti magazeti ya zamani yaliyofungiwa vitu dukani. Hadithi inakatika pale karatasi ilipochanwa, na anayeubuni mwisho mzuri anapewa kikombe cha kwanza cha chai. Bingwa wetu ni Dereva, na sikio lake moja na nusu.

Sasa la mafuta.

Umejisifu kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda kazini unatia mstari wa kalamu kwenye chupa ya mafuta, ili ukirudi ujue yametumika kiasi gani. Unasema umelibuni mwenyewe. Hukulibuni, mdogo wangu. Ulikuwa na miaka minne, hukumbuki.

Baba alikuwa akisawazisha sukari ndani ya kopo kwa mgongo wa kijiko, kisha kwa mpini wa kijiko anachora alama juu yake, kitu kama ndoana. Anafunika, anaondoka. Jioni anafunua, anatazama ndoana yake. Mama alizoea chai chungu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuzoea. Nilijifunza kuichora ndoana ile kwenye majivu, siku nyingi, mpaka ikawa kama ya kwake. Ndipo nikala vijiko viwili, nikasawazisha, nikachora.

Niliichora nikiwa nimesimama upande wangu wa meza. Baba alikaa upande wa pili. Alipofunua aliikuta ndoana imempa mgongo.

Hakuuliza ni nani. Alichukua mchi kwenye kinu akamwendea mama. Mama aliinua mkono. Nimewahi kusikia kuni kavu zikivunjwa, na hata leo nikizisikia natoka nje. Pigo la pili lilimpata begani. La tatu lilikosea, likapiga kopo, na sukari yote ya mwezi ikaruka chumba kizima. Mama alikuwa chini, mfupa umetokeza kwenye ngozi, na wewe ulikuwa umekaa kando yake unalamba kiganja, kwa sababu ulikuwa hujawahi kuona sukari nyingi namna ile.

Ule mkono ulioambiwa kwamba mama aliteleza kisimani, ndio huo. Hakukuwa na kisima.

Kabla ya kukuandikia nilimwambia mama kwamba aliyekula sukari ni mimi. Miaka thelathini na moja nilikuwa nimeimeza. Alikuwa anamenya vitunguu, hakuacha. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Ndoana ilikuwa imegeuka. Upande ule ulikuwa unakaa wewe." Alijua kabla ya mchi kushuka, akanyamaza, ili usinishukie mimi.

Turudi kwenye chupa yako. Mwezi wa nne uliniandikia, kwa kucheka, kwamba rafu yako ya jikoni imelala upande wa dirishani, ukiweka limau linabingirika mpaka ukutani, na utaitengeneza ukipata misumari. Mimi sikusoma sana, lakini barua zako nazitunza. Nimechukua chupa, nimetia maji nusu. Nimechomeka kitabu chini ya ubao wa kukatia nguo upande mmoja, ubao ukainama. Nimeweka chupa juu yake, nimetia mstari upande wa bondeni, kisha nikaihamishia kwenye meza iliyonyooka. Maji yalishuka chini ya mstari karibu unene wa kidole. Tone halikumwagika. Nilirudia mara tatu, Kinyozi akiwa shahidi.

Siku ile wifi aliteremsha chupa mezani ili afute rafu. Hakukaanga hata yai. Wewe ulirudi ukaikuta mezani, ukaona mafuta yako chini ya mstari, ukampigia kuinama kwa ubao ambao ni wewe uliyepaswa kuupigilia msumari.

Usije ukaishika hiyo kama ndiyo hoja yangu. Hata angeyanywa mafuta yote kwa glasi! Sukari iliibwa kweli, mafuta hayakuibwa, na mkono wa mama na sikio la wifi havikujua tofauti.

Naam, sikio. Utajiuliza nimejuaje habari za sikio, na za chupa kuwa mezani.

Barua yako ina tarehe tatu. Mwisho wake umeandika, "Wifi yako hajambo, yuko hapa jikoni, anakusalimu sana." Wifi alishuka kwenye basi hapa tarehe mbili asubuhi, na mfuko mmoja na kiatu kimoja kimekatika. Barua yako ilipofika alikuwa amekaa kwenye kitanda changu anachambua maharage. Niliisoma kwa sauti, kama tunavyosoma magazeti. Nilipofika kwenye salamu zake alicheka, kwa upande mmoja wa uso, maana mwingine ulikuwa haujafunguka.

Kofi moja, umesema. Mimi ni mshonaji, riziki yangu ni vipimo. Mdomo umechanika. Ngoma ya sikio la kushoto imepasuka, muuguzi wa zahanati kasema arudi baada ya wiki sita ndipo ajue kama litasikia tena. Na shingoni kuna alama tano, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Nimezipima kwa utepe wakati amelala. Ni kiganja cha baba.

Anakaa mezani huku sikio bovu limeelekea ukutani, ili asipitwe na maneno. Anaweka sukari vijiko vitatu, na mama anamsogezea kopo. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Akasema, "Mwandikie mafuta yote ni yake."

Usije. Mama Mkate amehamishia kigoda chake getini, anauzia mikate pale pale, na meno yake yote anayo. Mimi sikumwomba. Ukitaka kufanya kitu, iweke chupa ile chini sakafuni, mahali palipo sawa, uutazame mstari wako. Kisha niandikie ulichokiona, na alama tano umeziweka vipi. Kama huwezi kuandika hayo, usinunue stempu. Hayo nayo ni matumizi yasiyo na maana.

Nisalimie msimamizi wako wa kazi. Nisalimie na jirani yako fundi rangi, aliyembebea wifi mfuko mpaka stendi. Usimguse. Kinyozi, Dereva na Fundi Bomba wote wamesikia barua yako ikisomwa, na kila mmoja ana la kukuambia, lakini karatasi ni moja. Mungu aijaze mikono yako kazi, ichoke huko huko, ifike nyumbani haina nguvu ya kitu kingine.

Mama anakusalimu kwa mkono wa kulia, ule usionyooka.

Mimi niliyekubeba mgongoni na bado nakupenda,
Dada yako.