Chokaa Moyoni mwa Mama

Kaka Medard,

Shikamoo. Huku Lufingo mvua haikatiki, viazi vinaozea shambani.

Mama ametoka hospitali. Ule uvimbe wa moyoni si saratani kama tulivyoambiwa mwanzo. Daktari wa pili amempima tena, akasema ni chokaa iliyojikusanya kandokando ya vali ya moyo. Anaweza kuishi miaka mingi.

Mama alicheka: "Kumbe niliwagawia shamba mapema!"

Kaka, yule uliyemuuzia fungu lako kwa siri ameanza kukata migomba. Mama humpelekea chai, akidhani ni kibarua wako. Jana alimwomba asiiguse ile ya kaburini kwa baba. Yule bwana akanigeukia mimi.

Nimeshindwa kusema. Njoo useme wewe.

Mdogo wako,
Tusajigwe