Ufaransa Bingwa wa Dunia, kwa Rangi ya Mafuta

Baba Furaha,

Sikuulizi hali. Najua ungenijibu kama ulivyowajibu wateja wote, "Tuko," halafu ungenionyesha kiti. Basi nimekaa. Nimekaa kwenye kiti chako hasa, kile chenye mguu uliofungwa waya, na kama hupendi, njoo uniondoe.

Nianze na habari mbili, ya karibu na ya mbali, kama sheria ya saloni inavyotaka. Ya karibu: ziwa limeingia ndani. Ulipotuacha lilikuwa limefika kwa jirani yetu fundi nguo, na ulisema halitavuka kwa sababu linakuheshimu. Halikukuheshimu hata miezi mitatu. Nilinyoa watu wawili maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, wa tatu akaniuliza kama nauza na samaki, nikaona inatosha. Tumehamia upande wa juu, karibu na barabara, bado ni mtaa wetu huu huu wa Kavimvira, na wabadilishaji pesa wamehamisha meza zao wakatufuata kama kuku wanaofuata mchele. Ya mbali: Pluto bado hawajairudisha. Huwa naulizia.

Mengine yaliyoupitia mji wetu tangu uende sitayaandika, nitakueleza tukionana. Tuko. Mashine zote mbili za kunyolea ziko, Mama Furaha yuko na bado anaamuru. Nimekuandikia kwa sababu ya jambo moja tu, lile la ubao, na nakuomba usicheke mpaka nimalize. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yako mbaya, kucheka katikati.

Unaukumbuka mwaka ule, elfu mbili na sita. Kila asubuhi ulifuta ubao kwa kitambaa chenye maji, ukaandika kwa chaki: juu habari ya mbali, uliyoisikia redioni, chini habari ya karibu, uliyoisikia kwa watu waliokuwa wakivuka mpaka. Mwaka wenyewe ulianza na mambo. Mama mmoja aliapishwa kuwa rais kule Liberia, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa rais Afrika, na Mama Furaha alipoleta chai akasoma, akasema, "Basi na hii saloni ipate rais." Siku ile ulifagia mwenyewe. Kisha homa ya ndege ikafika Nijeria. Ukaandika hivyo juu, na chini yake, kwa herufi nzuri kuliko zote ulizowahi kuandika: KUKU WA MAMA FURAHA WAKO SALAMA. Katikati ya mwaka ikazaliwa nchi mpya huko Ulaya, Montenegro. Masumbuko akaiacha meza yake ya kubadili pesa, akaja mbio kuuliza wanatumia pesa gani. Ukamwambia euro. Akarudi kwenye meza yake kama mtu aliyedanganywa.

Halafu ikaja Kombe la Dunia, na sisi wawili, vinyozi, tukamshangilia nahodha wa Ufaransa, mtu mwenye kipara ambaye hangetupa kazi hata siku moja ya maisha yake.

Siku ya fainali uliitwa Luvungi kwenye kilio cha shemeji yako. Ulipanda gari pamoja na Masumbuko na wengine wanne wa mtaa. Ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari uliniambia, "Subiri filimbi, Kashindi. Mwisho ukiisha kabisa, ndipo uandike." Nikasema ndiyo, Muzee. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, ndevu kamili, na mchumba kule Kamanyola. Nakukumbusha hivyo ili nisipate pa kujificha. Sikuwa mtoto.

Mchezo ulianza. Dakika chache tu, Ufaransa wakapata penalti na kipara chetu kikafunga. Nikaruka. Nilipotua, redio ilikuwa imenyamaza. Batri ilipaswa kupelekwa kuchajiwa siku iliyotangulia, na aliyepaswa kuipeleka alikuwa ameshinda Kamanyola akiangalia macho ya mchumba wake. Nikaitikisa redio, nikaisihi, nikaitukana kidogo. Kisha nikatafuta chaki gizani na kuipata kwa mguu, ikasagika unga. Nyuma ya mlango kulikuwa na kopo la rangi nyeupe ya mafuta uliyoinunua kwa ajili ya dirisha. Nikajiambia: moja bila, na nahodha yule, nani atarudisha? Nikaandika UFARANSA BINGWA WA DUNIA, herufi kubwa, na mstari chini yake kwa madaha. Nikalala nimeridhika kama mtu aliyefunga bao mwenyewe.

Sitakueleza ulichokisikia Luvungi, unakijua. Waitaliano walirudisha bao, dakika zikaongezwa, na kile kipara tulichokisifu wiki nzima kikaenda kumpiga mtu kifuani. Kadi nyekundu. Penalti. Italia.

Asubuhi mlirudi. Ulisimama mbele ya ubao. Ukagusa herufi ya kwanza kwa kidole, ukakitazama kidole chako. Kilikuwa kisafi. Rangi ilikuwa imekauka. Watu wakajaa, wakaanza kucheka, na yule afisa wa forodha uliyekuwa unamnyoa ndevu kila Jumatatu akauliza kwa sauti ya kazini, "Nani aliandika huu uongo?"

Nilikuwa nimeshika ufagio. Nilifungua mdomo, Baba Furaha, naapa niliufungua.

"Ni minye," ukasema, ukajigusa kifua. "Nilikuwa na haraka."

Nikaufunga. Ukanituma maji, nikaenda, nikachelewa makusudi. Niliporudi tulisugua kwa maji, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga wa ziwani. Ulichoka kabla yangu. "Acha ikae," ukasema. "Tutaandika chini yake." Na tangu siku ile hukuandika tena juu kabisa ya ubao. Kila habari ya dunia hii ilikaa chini ya ule uongo wangu.

Nilidhani utaniuliza jioni. Hukuuliza. Nilidhani kesho yake. Mwezi wa nane redio ikasema wataalamu wameitoa Pluto kwenye hesabu ya sayari, nikashika chaki kuandika, ukanizuia mkono. "Ngoja kidogo. Pengine watairudisha." Tulingoja siku tatu. Wateja wakadhani unaionea huruma Pluto. Mimi nilijua unamwonea huruma nani, na bado nikanyamaza.

Mwaka ule ule ulikuwa pia wa ule uchaguzi wetu wa rais. Wazee waliolia siku ya kupiga kura wakisema wamengoja miaka arobaini, halafu duru ya pili, halafu zile wiki za kusubiri matokeo, mji mzima ukiwa kama sufuria iliyofunikwa. Unamkumbuka yule bwana mwenye kofia ya kampeni? Aliingia na wenzake, akasema ndugu yake yuko Bukavu na amempa matokeo yote, andika mshindi sasa hivi, watu wajue. Kwenye kiti alikuwa mtu wa upande mwingine, nusu kichwa kimenyolewa. Aliinuka na kitambaa shingoni. Mimi nilikwisha kuhesabu hatua za kufika mlangoni. Wewe ulinyoosha tu kitana kuelekea ubaoni.

"Bwana, hapa tuko naye bingwa mumoja tayari. Soma. Weye unataka tuongeze wa pili?"

Wa nusu kichwa ndiye aliyecheka kwanza. Yule wa kofia alijizuia, akashindwa, akaivua kofia, na ulimnyoa pia. Uliandika jina la mshindi siku lilipotangazwa, si kabla, na watu wakalisoma kimya, waliofurahi na wasiofurahi. Toka hapo ubao ukawa ubao. Hata leo, Baba Furaha, watu wana simu zinazowaletea habari kabla hazijatokea, na bado wanaingia na kuniuliza, "Ubao unasema nini?" Nikisema haujasema kitu, wanakaa kusubiri. Wananiamini mimi, eti Kashindi hana haraka. Unaona basi nilichokuwa nacho cha kupoteza.

Maana wewe ndiye uliyebeba lile jina. Muzee Ufaransa. Miaka yote ile, kutoka kwa waendesha pikipiki wa Luvungi mpaka kwa askari wa mpakani. Siku ya kukuzika hata katekista aliteleza, akaanza "Muzee Ufa..." akakohoa, akatafuta ukurasa ambao hakuupoteza.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mwezi uliopita tuliondoa matanga yako. Furaha alivuka kutoka Bujumbura siku mbili kabla, mwanamke mzima sasa, mwenye sauti yako na kidevu cha mama yake, mchanganyiko usiopingwa. Nikampeleka kuona saloni mpya. Ubao ulikuwa bado umeegemea ukuta, haujapigiliwa. Akautazama, akaniita kaka kama alivyozoea tangu utoto.

"Yaya Kashindi, huu usiutundike. Nitaukwangua. Baba alichekwa kwa sababu yake mpaka kaburini. Tutaandika jina lake, vizuri, kama muntu." Akafungua mkoba na kunionyesha msasa. Alikuja nao kutoka Burundi. Hata kwenye hasira anajipanga, kama wewe.

Nikamwambia tungoje matanga yaishe. Nikarudi nyumbani mwepesi, na nina aibu kukuandikia hilo neno. Mwepesi. Kwa sababu akikwangua, imekwisha. Ushahidi unakuwa unga sakafuni na mimi ndiye nitakayeufagia. Nilikula vizuri. Kisha mke wangu, yule wa Kamanyola, akaniuliza kwa nini natabasamu kwenye wali siku za kilio, na chakula kikaisha utamu.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Baada ya sala wakaita wenye ushuhuda. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, mengine ya Kifaransa, yote yakanikimbia. Nikasema tu: Baba Furaha hakuandika ule uongo. Niliuandika mimi. Batri ilikufa kwa uzembe wangu na sikungoja, na alipobeba lawama nilikuwa nimeshika ufagio nikamwacha abebe. Furaha, baba yako hakuwa mtu wa haraka. Mwenye haraka alikuwa mimi, na mwenye woga pia.

Nikangoja waninyang'anye mashine za kunyolea.

Masumbuko, mwenye mvi sasa, akaweka kikombe chini. "Kaa, Kashindi. Minye na Baba Furaha tulikalia benchi moja Luvungi ile usiku. Tulisikiliza penalti zote, mukono wake kwenye bega langu. Weye unafikiri aliruka na mabawa kuja kupaka rangi Kavimvira?"

Watu wakaanza kucheka, Baba Furaha. Kwenye matanga yako. Wazee, wamama wa kwaya, yule afisa wa forodha ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Wote walijua. Karibu miaka ishirini mtaa mzima ulijua, ila hawakumwambia Furaha, aliyekuwa mtoto, wala mimi, ambaye sikuwahi kufanya hesabu ndogo kwamba mtu aliyelala Luvungi hakulala Kavimvira. Nimewanyoa watu hao kila wiki. Nimewashika vichwa mikononi. Wakanitazama kwenye kioo na kunyamaza.

Mama Furaha ndiye aliyemaliza. Alisema ile asubuhi, nilipokwenda kuchota maji, uliwakataza wote. "Mutamwacha mpaka aseme mwenyewe." Masumbuko akakuuliza, na kama hatasema? Ukawajibu, "Subirini filimbi."

Hapo nilikaa. Karibu miaka ishirini ulikubali kuitwa Ufaransa ukinisubiri mimi, na hukuwepo filimbi ilipolia. Ningelijua, ningeli... Basi. Hukutaka nijue. Ungetaka nijue ungeniambia.

Furaha alicheka mwisho kuliko wote, kisha akalia, kisha akafungua mkoba. Msasa amempa mama yake, anasugulia sufuria.

Ubao tumeutundika Jumamosi. Masumbuko alishika upande mmoja, Furaha upande mwingine, mimi nikapigilia, msumari mmoja umepinda na nimeuacha. Jina la saloni halikuhitaji kuandikwa, watu wanasema tayari twende kwa Ufaransa. Ila nimenunua kopo dogo la rangi nyeupe ya mafuta, na chini ya ule mstari wa madaha nimeongeza neno langu, herufi ndogo: IMEANDIKWA NA KASHINDI. Mke wangu anasema mkono wangu haujawa mzuri hata kidogo.

Pumzika sasa, uliyenifundisha kushika wembe na ukanisubiri nijifunze kuufungua mdomo wangu. Nakuahidi batri itakuwa imejaa na chaki itakuwa kavu, na hakuna jina litakalopanda kwenye ubao huu kabla halijatangazwa, hata waje na kofia kumi. Ziwa likitufuata tena, ubao ndio utakaotoka wa kwanza, kisha kiti chako, kisha mimi.

Nimengoja siku nzima kabla ya kufunga barua. Sasa hivi nimeinuka nikagusa jina langu kwa kidole. Kisafi. Rangi imekauka.

Ni mimi,
Kashindi